Ngazi isiyotulia

MPENZI msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna mwanafunzi wa shule ya upili, hebu mwombe kitabu chake cha Biolojia kwa dakika mbili tu. Tafuta ukurasa wenye mchoro wa DNA, ile kemikali inayobeba urithi wetu kutoka kwa wazazi. Utaona ngazi ndefu iliyosokotwa mithili ya kamba, na vipandio vyake vimepangwa sawasawa, kimoja juu ya kingine. Mchoro huo ni mzuri na mwalimu hakukosea kuufundisha. Hata hivyo una upungufu mmoja. Ngazi ya kitabuni imesimama tuli, ilhali ile iliyomo mwilini mwako haitulii hata kidogo.

Vipandio vyake hufunguka na kufungika, hufunguka na kufungika, uwe umelala au uko macho. Leo nataka tuzungumze juu ya mtikisiko huo: jinsi wanasayansi walivyoweza kuupima, na kwa nini jambo dogo kiasi hicho linamhusu hata shangazi yako aliyeko mashambani na ng'ombe wake watatu.

Wasomaji wetu wa Mountain View, hapa Nairobi, nyinyi mmejenga kando ya barabara ya elimu. Mkishuka mjini kwa barabara ya Waiyaki mnafika Chiromo, ambako vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea sayansi. Mkipanda kuelekea Kikuyu, hamwendi mbali kabla ya kufika Uthiru, na hapo ndipo ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Taasisi hiyo ilirithi maabara za ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973 ili kupambana na maradhi mawili yaliyowatesa wafugaji wa Afrika: ndigana kali, inayoenezwa na kupe, na nagana, inayoenezwa na mbung'o. Mwaka 2005 watafiti wa ILRI pamoja na wenzao wa Marekani walitangaza orodha ya herufi za DNA za kijidudu cha ndigana kali, herufi zaidi ya milioni 8.

Kusoma herufi hizo ni kazi kubwa. Lakini herufi zikiwa ndani ya kiumbe hai hazikai kama zilivyopigwa chapa kitabuni. Zinacheza, na uchezaji wake una kanuni.

VIFUNGO VIWILI, VIFUNGO VITATU

Tuanze na ngazi yenyewe. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick wa Cambridge, Uingereza, wakisaidiwa pakubwa na picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin huko London. Kila kipandio kimeundwa kwa besi mbili zinazotazamana. Besi hizo ni za aina nne, nasi huzitaja kwa herufi: A, T, G na C. Kwa kawaida A hukaa na T, na G hukaa na C. Katika kila seli yako umerithi jozi takriban bilioni 3 kutoka kwa mama na nyingine kama hizo kutoka kwa baba.

Ni nini kinachozishika besi hizi zisiachane? Si gundi, bali ni mvuto mwepesi wa atomu za haidrojeni. Uchukulie kama vifungo vya shati. A na T zimeshikana kwa vifungo viwili, G na C kwa vitatu. Kifungo kimoja peke yake ni dhaifu, lakini ukivipanga vingi mstari mmoja, na vipandio vikilaliana kama sahani kabatini, ngazi nzima huwa imara.

Sasa fikiri, msomaji. Kwa nini Mola hakuzifunga nyuzi hizi kwa kitu kigumu zaidi? Kwa sababu ngazi lazima ifunguliwe. Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi mbili huachana ili kila moja inakiliwe. Seli ikitaka kutengeneza protini, sehemu fulani hufunguliwa isomwe. Shati lililoshonwa kifuani lisiwe na vifungo litakukaa vizuri, lakini utalivua vipi jioni?

Kwa muda mrefu wanasayansi walishuku kwamba hata pasipo kazi ya kunakili, vipandio hivyo hufunguka vyenyewe kwa sababu ya joto la kawaida, na kufungika tena papo hapo. Shida ilikuwa kushuhudia. Eksirei huonyesha vizuri kitu kilichogandishwa katika fuwele, bali kitu kinachotikisika majini huwa kama mtoto asiyekubali kupigwa picha. Ilihitajika njia nyingine.

NYUKLIA ISIYOLIPUKA

Njia hiyo huitwa NMR, yaani mwitiko wa sumaku wa viini vya atomu. Neno "nyuklia" lililomo katika jina lake la Kiingereza limewatia watu wengi hofu, wakidhani ni jamaa ya bomu la Hiroshima. Sivyo. Hapa nyuklia ni kiini cha atomu tu, na hakuna kinachopasuliwa wala kulipuliwa. Ndiyo maana hospitali zilipoanza kuitumia kanuni hiyo hiyo kupiga picha za ubongo na uti wa mgongo, neno hilo liliondolewa ili wagonjwa wasiogope. Ikabaki MRI, mashine ambayo pengine jamaa yako amewahi kuingizwa.

Kanuni yenyewe ni hii. Kiini cha haidrojeni kinafanana na sumaku ndogo inayozunguka kama pia ya mtoto. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa, kitayumba kwa mwendo maalumu. Ukikipigia mawimbi ya redio yanayolingana na mwendo huo, kitaitikia. Sumaku za NMR ni kubwa kweli: moja ya kawaida ya utafiti ina nguvu ya tesla 14, ilhali mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5. Nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza dira, haifikii hata sehemu moja ya laki moja ya hiyo ya utafiti.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haidrojeni zote haziitikii kwa sauti moja. Kila moja huitika kulingana na majirani zake, kama vile mtu wa Kisumu na mtu wa Lamu wanavyoweza kutambulika kwa matamshi kabla hawajakutajia kwao. Mwitiko wenyewe wa viini ulianza kuonekana mwaka 1946, katika maabara mbili za Marekani: ya Edward Purcell kule Harvard na ya Felix Bloch kule Stanford. Wote wawili walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1952. Nanyi watu wa Mountain View mtacheka mkisikia kwamba jirani wa Stanford, huko California, ni mji uitwao Mountain View!

MLANGO WA MATATU

Je, NMR inapimaje kufunguka kwa kipandio? Katikati ya kila kipandio kuna haidrojeni moja iliyofichika, imebanwa baina ya besi mbili. Sauti yake husikika mahali pake pekee, mbali na kelele za haidrojeni nyingine, kwa hiyo haichanganywi. Kipandio kikiwa kimefungika, haidrojeni hiyo haiwezi kuondoka. Kikifunguka, maji yaliyozunguka DNA hupata nafasi ya kuichukua na kuacha nyingine mahali pake.

Fikiria matatu iliyosimama steji, nawe uko mbali huuoni mlango wake. Unawaona abiria dirishani tu. Mlango ukiwa umefungwa, abiria ni wale wale. Ukiona sura mpya, unajua mlango ulifunguliwa. Lakini je, iwapo mlango hufunguliwa na kufungwa haraka mno hata abiria wasiwahi kushuka? Hapo hesabu yako itapungua. Basi waongeze manamba pale steji, wawe wengi wa kuvuta watu na kusukuma wengine ndani. Ukizidi kuwaongeza utafika mahali ambapo kila mlango ukifunguka lazima abiria mmoja abadilishwe. Tangu hapo, kuhesabu sura mpya ni sawa na kuhesabu milango iliyofunguka.

Hivyo ndivyo walivyofanya Maurice Guéron, Jean-Louis Leroy na wenzao katika chuo cha École Polytechnique, Ufaransa. Manamba wao walikuwa kemikali kama amonia, ambazo huharakisha ubadilishanaji wa haidrojeni. Waliongeza kemikali kidogo kidogo hadi kasi ya ubadilishanaji ikagoma kupanda, na hapo wakajua wameifikia kasi ya kufunguka kwenyewe. Matokeo yao muhimu yalitoka mwaka 1987.

Walichokuta ni hiki. Kipandio cha A na T hukaa kimefungika kwa muda wa sehemu chache tu za elfu za sekunde, kisha hufunguka. Maana yake ni kwamba katika sekunde moja, kabla hujamaliza kusema "habari ya asubuhi", kipandio kimoja kinaweza kufunguka mara mamia. Kipandio cha G na C, chenye vifungo vitatu, huvumilia zaidi, hata kufikia makumi ya sehemu hizo za elfu. Tena kila kipandio hufunguka kivyake, jirani zake wakiwa wamefungika. Na kinapofunguka hakikawii: ukijumlisha muda wote, kipandio cha A na T huwa wazi kwa takriban sehemu moja tu katika laki moja. Ndiyo sababu ngazi haibomoki.

Utafiti haukuishia hapo. Mwaka 2011 Hashim Al-Hashimi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa NMR kwamba baadhi ya besi hazifunguki tu, bali hujipindua na kushikana upya kwa mtindo tofauti, kisha zikarudi. Mtindo huo ulikuwa umegunduliwa na Karst Hoogsteen mwaka 1959, ila haikuwa imeonekana kwamba DNA ya kawaida huuvaa na kuuvua yenyewe. Mwaka 2015 kundi la Al-Hashimi likaonyesha jambo la kutafakarisha zaidi: G na T, ambazo hazistahili kukaa pamoja, zinaweza kwa muda mfupi mno kujipanga zikafanana na jozi halali. Mlinzi wa lango akipita wakati huo huo, atadanganyika. Hiyo ni njia mojawapo ya makosa kuingia katika nakala za urithi.

DAWA INAYOKAA KATIKATI YA NGAZI

Pengine msomaji sasa unauliza: haya yote yananipatia nini mezani? Swali ni halali. Turudi kwa ng'ombe wa shangazi.

Nagana husababishwa na vijidudu viitwavyo tripanosoma. Mbung'o humng'ata mnyama na kuviacha katika damu. Ng'ombe hukonda, hupungukiwa na damu, maziwa hukauka, na asipotibiwa hufa. Jamaa za vijidudu hivyo huwapa binadamu malale. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyashinda malale kama tatizo la afya ya umma, nasi tunashukuru. Nagana, kwa upande wake, bado ingali inawasumbua wafugaji penye mbung'o, kuanzia Pwani hadi nchi za kando ya Ziwa.

Chanjo ya nagana haipo, kwa sababu kijidudu hicho hubadilisha koti lake kila kinga ya mwili inapokizoea. Kwa hiyo mfugaji hutegemea dawa, na dawa zenyewe zinahesabika kwa vidole: diminazini, homidiumu na isometamidiumu. Zote ni za zamani. Diminazini, ambayo wafugaji wengi waliijua kwa jina la Berenil, ilitolewa mwaka 1955 na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani.

Jambo la ajabu ni hili: dawa zote tatu hufanya kazi kwa kuishika ile ngazi yetu isiyotulia. Diminazini ni molekuli iliyopinda kidogo kama mwezi mchanga, nayo hulala ndani ya mfereji mwembamba unaoizunguka DNA, ikipendelea mahali penye A na T nyingi. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza, miongoni mwao Andrew Lane na Stephen Neidle, waliichunguza kwa NMR. Walichukua kipande kifupi cha DNA chenye herufi AATT katikati, wakakitia dawa, wakasikiliza. Haidrojeni zilizoko ndani ya mfereji zikabadili sauti, kwa kuwa zilipata jirani mpya. Hivyo mahali dawa ilipokaa pakajulikana. Dawa ikishakaa, nyuzi mbili huwa ngumu zaidi kutenganishwa. Ni kama shati lililotiwa pini juu ya vifungo.

Tripanosoma ina mahali pa kuumia. Mbali na DNA ya kawaida, inayo fungu la pekee lililo na maelfu ya pete ndogo zilizoshikana kama mnyororo, zenye A na T tele. Diminazini hurundikana hapo na kuzuia pete zisinakiliwe.

Homidiumu nayo haina haja ya mfereji. Yenyewe hujipenyeza baina ya kipandio na kipandio, kama karatasi iliyosukumwa katikati ya sahani. Dawa hii ndiyo ile ile ethidiamu bromaidi ambayo maabara nyingi ulimwenguni zimeitumia kuipaka DNA ing'ae rangi ya machungwa chini ya mwanga wa urujuanimno. Isometamidiumu, ya tatu, iliundwa kwa kuunganisha homidiumu na kipande cha diminazini.

Utauliza: mbona ng'ombe mwenyewe hafi, ilhali naye ana DNA ya herufi hizo hizo? Sababu mojawapo ni kwamba kijidudu chenyewe huvuta dawa ndani kupitia milango iliyo katika ngozi yake, milango ambayo hukitumia kujipatia chakula. Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Katika aina iitwayo Trypanosoma brucei, mlango mmojawapo ukiharibika, dawa haiingii vya kutosha na kijidudu huishi. Kikizaana, watoto wake hurithi mlango ule ule mbovu. Huo ndio usugu.

Na ni nani anayevisaidia vijidudu sugu viongezeke? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Kipimo cha kawaida cha diminazini ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji miligramu 875. Mfugaji anayekisia kwa macho kwamba ng'ombe wake ana kilo 150 atampa miligramu 525 tu. Anayegawa pakiti ya ng'ombe mmoja kwa wawili ili kuokoa shilingi hali kadhalika. Dawa hiyo haba itaua vijidudu dhaifu na kuwaachia nafasi vilivyo sugu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hatuna mawe yake, maana dawa mpya za nagana ni adimu mno.

Kwa hivyo, msomaji wa mjini, nakutuma. Unapopeleka pesa nyumbani za kutibu ng'ombe, au unapokwenda likizo, uliza maswali matatu. La kwanza: je, mnyama alipimwa na ikathibitishwa ni nagana, au ni kukisia tu? La pili: uzito wake ulijulikana vipi? Kuna utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe unaokadiria kilo, na daktari wa mifugo anaweza kukuelekeza. La tatu: dawa ilinunuliwa wapi, na je, maziwa na nyama vimesubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo? Hayo si maswali ya kumvunjia mzee heshima. Ukiyauliza kwa adabu, utakuwa umelinda dawa ya kijiji kizima.

Nawe mwanafunzi unayelalamika kwamba Fizikia, Kemia na Biolojia ni masomo matatu yasiyojuana, tazama jinsi yalivyokutana hapa. Sumaku na mawimbi ya redio ni Fizikia. Haidrojeni inayobadilishana na maji ni Kemia. Kijidudu na ng'ombe ni Biolojia. Aliyeiacha moja kati ya hizo asingeweza kueleza kwa nini sindano moja humwinua fahali aliyelala chini. Siku ukipita Uthiru ndani ya matatu, angalia nje dirishani upande wa taasisi ile, ujue kwamba kazi ya namna hiyo inafanywa karibu na kwenu, na inahitaji vijana.

Sasa mrudishie mtoto kitabu chake. Mwambie mchoro ni sahihi, ila aongezee kwa penseli kando yake maneno mawili: "Hufunguka, hufungika."

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.